Pango la Machi: mwongozo kamili wa kupima hatari na mtaji kabla hujanunua kiwanja au nyumba Mtwara na Lindi

Huku kusini pesa ina msimu. Minada ya korosho ikianza Oktoba, mji unachangamka: maguta yanapita yamebeba mabati na saruji, mafundi hawashikiki, na kiwanja ulichotajiwa bei mwezi Juni kimeshapanda. Ikifika Machi mvua zimekolea, malipo ya AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, yameshaliwa, na mpangaji aliyekulipa miezi mitatu kwa mkupuo Desemba anakuja asubuhi kukuomba umvumilie. Kwa hiyo kila anayenijia kuuliza habari za kuwekeza kwenye nyumba Mtwara au Lindi, namuuliza kwanza: pango la Machi atakulipa nani?

Nina vyumba sita vya kupangisha Mangamba, nilivyovijenga kidogo kidogo kwa miaka mitano, na kabla ya hapo niliwahi kupoteza kiwanja. Ninayoandika hapa nimeyapata kwa njia hizo mbili. Yafuate kwa mpangilio, maana kosa la hatua ya pili halirekebishiki ukiwa umeshafika ya sita.

Hatua ya kwanza: jua mtaa unaishi kwa pesa ya nani

Kila mtaa una mlipaji wake. Mtwara mjini kuna bandari, hospitali ya Ligula na ile ya rufaa ya kanda iliyoko Mitengo, kuna vyuo kama Stella Maris na Chuo cha Ualimu, kuna ofisi za mkoa. Mpangaji wa hapo ni nesi, mwalimu, karani au mwanafunzi. Mshahara wa mtumishi unaingia hata Machi, ingawa mwanafunzi ana likizo zake na chumba chake unaweza kukikuta kitupu miezi mitatu. Kiwanda cha saruji cha Dangote upande wa Msijute, kilichozinduliwa 2015, kina wafanyakazi na madereva wake. Lindi mjini kumetulia: wapangaji si wengi, ila kwa nilivyoona wakikaa wanakaa. Masasi ni mji wa biashara, njia panda ya Tunduru, Newala na Nachingwea. Ruangwa inachangamshwa na madini. Newala na Tandahimba korosho ndiyo kila kitu. Nyumba nzuri zinajengwa, lakini wengi wanajenga za kukaa wenyewe, na anayepanga ni mtumishi wa halmashauri au mfanyabiashara wa msimu.

Katika jambo hili usitegemee maneno ya dalali. Nenda mtaani siku mbili, moja ya kazi na moja ya mapumziko, uzungumze na wapangaji kumi. Waulize wanafanya kazi gani, wanalipa miezi mingapi kwa mara moja, na chumba cha jirani kiliwahi kukaa kitupu kwa muda gani. Ukikuta saba kati ya kumi wanategemea kitu kimoja, uwe mwajiri mmoja, zao moja au mradi mmoja, ujue na nyumba yako itategemea hicho hicho. Msimu wa 2018 ulitufundisha. Bei za minadani ziligomewa, serikali ikaamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malipo ya wakulima wengi yakachelewa. Mimi nilidai pango la vyumba viwili mpaka Julai 2019. Wapangaji hao hawakuwa wakorofi. Mmoja alikuwa na duka la nguo na mwingine fundi pikipiki, na wateja wao wote walikuwa wanasubiri pesa ya korosho.

Hatari nyingine ni ya miradi mikubwa, na hapo nitakaa kidogo kwa sababu ndipo pesa nyingi za watu wa kusini zilipozama. Mji wa Mtwara wenyewe ulikuzwa na ahadi. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wa karanga, wakajenga bandari ya kina kirefu hapa na reli ya kwenda Nachingwea. Mradi ulikufa ndani ya miaka michache, reli ikang'olewa miaka ya 1960, na hadi leo tuna kata inaitwa Reli isiyo na treni. Kisha ikaja gesi. Kuanzia 2010, kampuni zilipogundua gesi nyingi kwenye kina kirefu cha bahari, viwanja viligombaniwa, na watu wakajenga nyumba za kupangisha wageni kwa dola. Mwaka 2013 kulizuka vurugu za kupinga bomba, 2015 bomba la kwenda Dar es Salaam likakamilika, wageni wakapungua, na zikabaki nyumba za vyumba vitano vyenye viyoyozi zinazotafuta mpangaji ambaye mji hauna.

Sasa mazungumzo yako Likong'o, Lindi, kwenye mradi wa kusindika gesi iwe kimiminika. Makubaliano ya awali yalisainiwa 2022 na kila baada ya muda habari zake hurudi. Lakini kumbuka kwamba mwaka 2021 kampuni ya Equinor, mmoja wa wenye gesi hiyo, ilishusha thamani ya mradi huo kwenye vitabu vyake kwa karibu dola bilioni moja. Ikiwa mwenye gesi mwenyewe alipunguza matarajio, wewe usinunue eka moja Lindi kwa bei ya mji ambao haujajengwa. Bei unayolipa leo itoshe kurudishwa na mpangaji wa leo. Mradi ukija, hiyo ni neema ya ziada.

Hatua ya pili: mjue mwenye ardhi, na umjue mjomba wake

Kisheria ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na Rais ndiye mdhamini. Unachonunua ni haki ya kuitumia, pamoja na kilichojengwa au kupandwa juu yake. Mjini haki hiyo utaiona kwenye hatimiliki ya miaka 33, 66 au 99, kwenye barua ya toleo au leseni ya makazi. Kijijini kuna hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Hayo utaelezwa kokote. Usiloelezwa ni kwamba Wamakonde, Wamakua, Wamwera na Wayao kwa asili hufuata ukoo wa mama. Kwenye mali ya ukoo, mikorosho ikiwemo, mwenye sauti ni mjomba, na wapwa wa marehemu wanaweza kujihesabu warithi kabla ya watoto wake. Anayekuuzia akisema "shamba la baba, na mimi ndiye mkubwa," anaweza kuwa anasema kweli kabisa moyoni mwake, na bado ukoo ukaja kudai.

Mimi hili lilinigharimu. Mwaka 2013 nilinunua eneo upande wa Naliendele, lenye mikorosho minane, kwa karatasi ya mauziano yenye muhuri na mashahidi wanne, wote wa upande wa muuzaji. Miaka miwili baadaye, nimeshashusha tofali mia nane, akaja mzee mmoja kutoka Newala na vijana wawili. Walikuja kwa adabu, wakanisalimia, wakanipeleka hadi mkorosho wa mwisho, wakanionyesha kaburi la dada yake mzee, mama wa wale vijana. Lilikuwa limezungushiwa mawe meupe. Siku niliyonunua sikufika kwenye mkorosho ule. Niliishia kwenye kivuli cha wa tatu, tukahesabu pesa. Shauri lilikwenda hadi Baraza la Ardhi na Nyumba, muuzaji alikuwa ameshatumia fedha, na nilichorudishiwa ni kama theluthi, tena kwa vipande.

Tangu hapo naenda kuliona eneo mwenyewe, asubuhi, bila dalali, na natembea mipaka yote. Miaka michache iliyopita nilikuwa naangalia shamba dogo upande wa Mikindani. Dalali alikuwa amenihakikishia halina deni. Chini ya mkorosho nikamkuta bibi anaokota mabibo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Pole na kazi. Huu mkorosho wa nani?"

"Wa kaka yangu, yuko Tandahimba. Tumeuweka rehani kwa jirani pale, mwakani tunaukomboa."

Nikamshukuru, nikaondoka. Sentensi mbili za bibi yule ziliniokolea milioni kadhaa.

Kwa hiyo, kama eneo ni la kurithi, omba barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Bila hiyo muuzaji hana mamlaka ya kuuza mali ya marehemu, hata kama ndugu wote wanamkubali kwa mdomo. Pamoja na barua hiyo omba muhtasari wa kikao cha ukoo, uliosainiwa na mjomba au anayemwakilisha, wapwa watu wazima, mjane au mgane, na watoto. Mikorosho na minazi ihesabiwe, idadi iandikwe kwenye mkataba, na iandikwe kwamba hakuna mti uliowekwa rehani. Waite majirani wa pande nne wasaini mipaka. Jirani aliyekasirika leo ni nafuu kuliko jirani atakayekushtaki kesho.

Kuhusu ndoa, nyumba ya familia haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema hivyo na Sheria ya Ardhi pia. Na kwa kuwa kwetu wanaume wenye wake wawili ni wengi, uliza waziwazi, upate saini zote. Aibu ya kuuliza inapita siku hiyo hiyo.

Eneo lenye hati lifanyiwe upekuzi kwenye ofisi ya ardhi ya mkoa. Upekuzi utakuonyesha jina lililosajiliwa, rehani ya benki kama ipo, na zuio kama kuna kesi. Usikubali kivuli cha hati peke yake. Ione hati halisi, kisha mlete mpima ardhi azitafute bikoni, yale mawe ya mpaka yenye namba, alinganishe na ramani. Nimewahi kuona mtu kajenga msingi mzima kwenye kiwanja cha jirani kwa sababu alionyeshwa kwa kidole. Kwenye ardhi ya kijiji, muhuri wa mwenyekiti peke yake hautoshi: ugawaji hupitia halmashauri ya kijiji na kuridhiwa na mkutano mkuu, na muhtasari wake unapaswa kuwepo. Hakuna sheria inayompa mwenyekiti asilimia kumi ya mauzo yako.

Mwisho wa hatua hii, pima kwa futi kamba. Hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na ufukweni sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini. Uliza pia mkuza, yaani njia iliyotengwa, wa bomba la gesi na wa nyaya za umeme unapita wapi. Nyumba yenye alama ya X nyekundu usiisogelee kwa bei yoyote. Hiyo inabomolewa bila fidia.

Hatua ya tatu: kikague kiwanja kikiwa kimelowa

Viwanja vingi vinauzwa kiangazi, vikiwa vikavu na vizuri. Rudi Februari au Machi, mvua ikiwa imetoka kunyesha, uone maji yanasimama wapi na njia ya gari inapitika. Waulize wazee maji yaliwahi kufika wapi. Lindi wazee bado wanakitaja kimbunga cha 1952. Mwaka 2019, kimbunga Kenneth kilipokuwa kinakuja, watu wa Mtwara waliondolewa majumbani, kikaenda kupiga Msumbiji. Mei 2024 Hidaya na mafuriko yake viliikata barabara ya Dar es Salaam maeneo ya Somanga, Kilwa. Hilo la mwisho liweke kwenye hesabu zako za ujenzi pia: saruji tunayo hapa hapa, lakini bati nyingi, vigae, mabomba na rangi vinatoka Dar, na barabara ikikatika fundi anakaa kwako akila posho bila kazi.

Karibu na bahari usijengee mchanga wa ufukweni. Chumvi inakula nondo kutoka ndani, na miaka michache baadaye lenta inapasuka kwa urefu wake. Weka dawa ya mchwa kwenye msingi kabla ya jamvi.

Hatua ya nne: andika hesabu mbaya kwanza

Wengi huanza na hesabu nzuri: vyumba sita mara elfu hamsini, laki tatu kwa mwezi, milioni tatu na laki sita kwa mwaka. Tuchukue mfano huo huo. Kiwanja, ujenzi, umeme, maji, choo na karatasi vimekugharimu milioni 32. Sasa punguza. Kila chumba kikae kitupu miezi miwili kwa mwaka, kwa kuhama au kwa kutolipwa: 600,000 imeondoka, imebaki 3,000,000. Kodi ya mapato ya pango kwa mwenye nyumba mkazi ni asilimia 10: 300,000. Marekebisho, yaani vitasa, koki, rangi, bati lililong'oka, shimo la choo lililojaa, weka asilimia 10 nyingine: 300,000. Kodi ya jengo kwa nyumba ya kawaida ni 18,000 kwa mwaka, inakatwa 1,500 kila mwezi kupitia LUKU. Umebakiwa na 2,382,000.

Gawa kwa milioni 32. Ni kama asilimia 7.4 kwa mwaka.

Iangalie namba hiyo bila kujidanganya. Hatifungani za muda mrefu za serikali zimekuwa zikilipa riba ya tarakimu mbili, na hazina koki inayovuja. Nyumba inakuzidishia kwa mambo mengine: ardhi yenye hati hupanda thamani, pango unaweza kulipandisha maisha yakipanda, na una kitu cha kuweka dhamana au kuachia watoto. Mimi nakubali biashara hiyo, lakini kwa masharti mawili. Niwe nimenunua kwa bei nzuri, na niweze kukaa na mali hiyo miaka kumi bila kulazimika kuiuza. Kuuza nyumba Lindi au Masasi si jambo la wiki moja. Anayeuza kwa haraka Mei au Juni, wakati hakuna mwenye pesa mkononi, anauza kwa bei ya mnunuzi.

Kisha fanya hesabu ya pili, mbaya zaidi: chumba kishuke hadi 40,000 na vyumba viwili vikae vitupu nusu mwaka. Kama jibu linakunyima usingizi, punguza ukubwa wa mradi. Vyumba vitatu vilivyokamilika na kulipiwa ni bora kuliko boma la vyumba nane linaloota nyasi. Maboma yaliyojaa pembezoni mwa miji yetu ni pesa iliyolala, na kila masika inapungua.

Hatua ya tano: pesa itoke wapi

Mpangilio wangu ni huu, kuanzia salama kwenda kwenye hatari. Kwanza akiba yako, ikiwemo pesa ya msimu. Mwenye korosho ana nafasi nzuri kama atanunua vifaa vya hatua moja kamili, kwa mfano msingi wote au bati zote, mara tu malipo yanapoingia, badala ya kuigawa pesa kwenye mambo kumi. Wakati unakusanya, pesa isikae chini ya godoro: mifuko ya uwekezaji wa pamoja kama ile ya UTT AMIS inapokea kiasi kidogo, na unaitoa unapoihitaji.

Pili ni SACCOS au VICOBA mlichozoeana. Riba ni nafuu na wanakujua, ila mkopo hufuata ukubwa wa akiba yako, kwa hiyo unafaa kumalizia kuliko kuanzia.

Tatu ni kuungana na ndugu au rafiki. Hapa andikeni kabla ya kuchimba msingi: nani katoa kiasi gani, hati itakuwa kwa majina ya nani, mmoja akitaka kutoka atalipwaje, akifariki warithi wake watapata nini. Na kwa sababu niliyoieleza juu, andika ni warithi gani, watoto au wapwa. Udugu mwingi umevunjikia kwenye boma.

Nne ni mkopo wa mshahara. Mtumishi anaujua utaratibu: makato yote yaache angalau theluthi ya mshahara. Kama bado unalipa bodi ya mikopo ya wanafunzi, asilimia 15 ya mshahara wa msingi imeshaondoka kabla hujafika benki, kwa hiyo kiasi unachoweza kukopa ni kidogo kuliko unavyodhani. Tano ni mkopo wa nyumba wa benki, ambapo hati ndiyo dhamana. Mwisho kabisa, ambao nakusihi usiuguse kwa ujenzi, ni kausha damu: mikopo ya mtaani ya riba ya wiki au mwezi, inayoshikilia kadi ya benki au hati ya nyumba. Nyumba inachukua miaka kurudisha pesa; kausha damu haikupi hata miezi mitatu.

Hatua ya sita: usome mkopo kama unavyosoma mipaka

Turudi kwenye nyumba yetu ya milioni 32. Tuseme una milioni 2 na umekopa 30 kwa riba ya asilimia 17 kwa mwaka, miaka kumi. Marejesho ni kama 521,000 kila mwezi. Kwa miaka kumi utakuwa umelipa zaidi ya milioni 62, yaani riba peke yake imezidi ulichokopa. Vyumba vyako, baada ya makato yote, vinaleta wastani wa 198,500 kwa mwezi. Pengo la karibu 323,000 linatoka mfukoni mwako, kila mwezi, Machi ikiwemo.

Hii ndiyo hesabu ninayotaka uikumbuke kuliko zote. Kwa pango za miji yetu na riba za sasa, nyumba ya kupangisha haiwezi kujilipia mkopo wake. Anayekuambia "mpangaji atalipa benki" hajaandika namba. Mkopo unabebwa na mshahara au biashara iliyokwisha kusimama. Pango linasaidia tu. Ndiyo maana mimi nilikopa mara moja tu, milioni 6 za kupaua na kuweka milango, nikiwa nimeshajenga kuta kwa akiba, na marejesho yangu hayakuzidi kile ninachoweza kulipa vyumba vyote vikiwa vitupu.

Uliza riba inahesabiwaje. Kuna riba inayohesabiwa kwenye deni lililobaki, inapungua kadiri unavyolipa. Na kuna inayohesabiwa kwenye mkopo wote wa mwanzo hadi mwisho. Ukikopa milioni 5 kwa asilimia 3.5 kwa mwezi, mwaka mmoja, kwa mtindo huu wa pili, riba ni 175,000 mara kumi na mbili: 2,100,000. Utarejesha 591,667 kila mwezi. Lakini mwezi wa kumi na moja deni lako limebaki dogo na bado unatozwa riba ya milioni 5. Ukiigeuza iwe ya deni linalopungua, ni sawa na karibu asilimia 5.9 kwa mwezi. Kwa hiyo usilinganishe asilimia na asilimia. Omba jedwali la marejesho, ujumlishe safu yote, ulinganishe jumla na jumla. Juu yake weka ada ya mkopo, bima, uthamini na usajili wa rehani.

Uliza pia: riba inaweza kubadilika katikati? Nikilipa mapema natozwa faini? Naweza kupewa miezi kadhaa ya kujenga kabla marejesho hayajaanza? Na kama kipato chako ni cha korosho, omba ratiba ya marejesho inayofuata msimu, kubwa Novemba hadi Januari na ndogo miezi mingine. Wakikataa, usisaini ratiba ya kila mwezi ukitumaini Mungu atafungua njia Machi. Ukianza kukwama nenda benki mwenyewe kabla hawajakuita; sheria inataka mkopeshaji akupe notisi ya siku 60 kabla ya kuchukua hatua dhidi ya rehani, na siku hizo ni za kujadiliana, si za kujificha.

Kabla ya shilingi ya kwanza ya mkopo, tenga mfuko wa marejesho ya miezi sita kwenye akaunti usiyoigusa. Kama huna uwezo wa kuutenga, huna uwezo wa kuubeba mkopo huo.

Hatua ya saba: kulipa

Pesa ipitie benki, kwa jina la mwenye mali, ili kumbukumbu ibaki. Mkataba uandikwe na wakili wako, siyo wa muuzaji, na malipo yaende kwa awamu: sehemu mkisaini, na sehemu ya maana ibaki hadi uhamisho ukamilike. Amueni mapema nani analipa nini. Kodi ya faida ya mauzo, asilimia 10 ya faida kwa muuzaji mkazi, ni ya muuzaji; bila kuilipa TRA uhamisho unakwama, na wengi huwarushia wanunuzi mwishoni. Kuna ushuru wa stempu asilimia 1, ada za uthamini na usajili, na pango la ardhi ambalo huenda limelimbikizwa miaka mingi. Omba stakabadhi za pango la ardhi kabla, siyo baada. Usiandike bei ya chini kwenye mkataba ili kukwepa kodi: siku muuzaji akikugeuka, utarudishiwa kile kilichoandikwa.

Baada ya kukabidhiwa funguo

Kata bima ya moto na majanga ya asili hata kama hakuna benki inayokulazimisha. Weka nakala ya hati mahali tofauti na hati yenyewe. Mwambie mwenzi wako na mtu mmoja wa ukoo vilipo.

Na mikataba ya wapangaji ipange kwa kalenda ya huku. Mtumishi wa serikali mwachie alipe miezi mitatu mitatu kama kawaida. Lakini mwenye duka, fundi, mama lishe, wale ambao wateja wao wanaishi kwa korosho, mimi mikataba yao naianzisha Novemba. Wanalipa miezi sita kwa pamoja wakati pesa ipo, na nawapunguzia kidogo kwa kufanya hivyo. Mei hadi Oktoba wanalipa mwezi kwa mwezi. Machi ikifika, chumba chao kimeshalipiwa tangu Novemba, na mimi nimeshalipia bati.